Swali Nililomuuliza Masunga Mbele ya Mkewe

Naikumbuka vizuri Jumatatu moja, mwanangu, niliyopanda ngazi za ofisi nikiwa na tai mpya shingoni na habari ya ushindi mdomoni, na kabla chai ya saa nne haijaletwa sikuwa tena na hamu ya kuutaja huo ushindi.

Nakusimulia kwa sababu wewe sasa unakalia kiti kama nilichokalia mimi. Jana nilikusikia ukimwambia mteja, "Jibu nilichokuuliza tu." Nilicheka peke yangu kule chumbani. Sauti ilikuwa yako, lakini maneno niliyajua.

Kwanza ujue unaongea na nani. Mimi ni mtoto wa Tinde. Baba yangu alifuga ng'ombe saba, na hakuna hata mmoja aliyeuzwa kwa ajili ya shule yangu. Aliwapenda kuliko vitabu, na simlaumu. Nilijisomesha. Nilibeba mifuko ya mawe kwenye makarasha ya kusagia huko Geita, nikauza maji kwa wachimbaji, nikalala chini ya turubai, mpaka nikapata ada ya kwenda Dar es Salaam kusomea stashahada ya sheria. Nilimaliza wa pili darasani, na aliyenitangulia alikuwa anarudia mwaka. Wenzangu walibaki Dar wakitafuta ofisi zenye kiyoyozi. Mimi nilirudi. Nilijua kuwa kati ya Shinyanga na Geita kuna watu wengi mno wanaofukuzwa migodini kwa barua ya mistari mitatu, na hawana wa kuwasomea hiyo barua. Sikukosea hesabu. Leo siwezi kupita stendi ya Shinyanga bila kuamkiwa kwa jina, na hilo sisemi kwa kujisifu. Ni kweli tu.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minane. Ofisi iliyonipokea ilikuwa ndogo: vyumba viwili juu ya duka la mabati na misumari, meza mbili, kabati moja la mafaili, na mashine ya kunakili iliyofanya kazi baada tu ya kupigwa kofi. Mwenye ofisi alikuwa Bi Zuhura, wakili mama wa makamo, mjukuu wa wauza vitambaa waliotoka pwani wakapitia Tabora na kuishia hapa mjini. Yeye ndiye aliyekuwa wakili. Mimi, kwa stashahada yangu, nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi mbele ya tume inayosikiliza migogoro ya kazi, ambako wakati ule mtu kama mimi aliruhusiwa kusimama na kusema. Nami nilisema. Mashauri kumi na moja mfululizo sikuwa nimeshindwa hata moja, na nilishaanza kutembea kama mtu aliyeshinda kumi na mbili.

La kumi na mbili lilikuwa la Masunga.

Alikuja na mkewe, Mama Kabula, aliyekaa karibu naye lakini akatazama dirishani muda wote. Masunga alikuwa kijana wa rika langu, mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa ambayo hakujua aiweke wapi. Alikuwa amefanya kazi miaka sita kwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu katika mgodi mmoja kule Geita. Utaratibu wa mtambo huo ulikuwa kwamba kila anayetoka zamu huingia kwenye kibanda, anavua shati, viatu na suruali, mkaguzi anazipapasa nguo na kumtazama mwili, kisha anavaa na kwenda zake. Barua aliyonipa ilisema kwamba siku fulani Masunga alifika mlangoni pa kibanda, akageuka, akakataa kukaguliwa. Aliitwa kwenye kikao cha nidhamu siku hiyohiyo. Kikaoni hakujitetea. Kesho yake akafukuzwa.

Nilipoona "siku hiyohiyo" nusura niruke. Sheria inataka mtuhumiwa apewe muda wa kujiandaa. Hawakumpa hata wa kunywa maji.

"Kwa nini ulikataa kukaguliwa?" nilimuuliza huku tayari naandika.

Alimtazama mkewe, akatazama mikono yake. "Nilikataa tu."

Mama Kabula alivuta pumzi kwa nguvu, akazidi kutazama dirishani.

"Safi," nikamwambia. "Na ubaki hivyohivyo. Tunawapiga kwenye utaratibu. Hilo la kukataa hatuligusi."

"Mimi nataka kurudi kazini," Masunga akasema.

"Kurudi? Kwa watu wanaokuona mwizi? Bwana wee, tunaomba fidia. Kila mtu anaomba fidia."

Kwenye fomu ya tume kuna mahali pa kuonyesha mlalamikaji anataka nini: kurudishwa kazini, au fidia. Nilijaza fidia. Nilimgeuzia karatasi, nikamwonyesha pa kusaini, naye akasaini kama anavyosaini mtu aliyefanya kazi chini ya wengine maisha yake yote, bila kuuliza. Nilikuwa nimetumia dakika ishirini na tano. Nilijivunia dakika hizo, mwanangu. Nilikuwa nikizitaja kwa watu.

Tulikwenda Geita kwenye usuluhishi. Nilisimama, ingawa pale watu huongea wamekaa. Nikasoma vifungu kwa kichwa, bila karatasi. Afisa utumishi wa mgodi, bwana mmoja mnene wa kutoka kusini, alijifuta jasho mara mbili. Mwishoni akasema mgodi uko tayari kumlipa Masunga mishahara ya miezi kadhaa yaishe, ila barua ya kufukuzwa ibaki ilivyo. Makubaliano yangesainiwa Alhamisi ya wiki inayofuata.

Tulipotoka nikampiga Masunga begani. "Umeona? Umeona nilivyowabana?"

"Nimeona, mheshimiwa," akasema. Kisha akauliza polepole, "Na hiyo barua, migodi mingine itaisoma?"

"Wewe pokea fedha, ununue pikipiki. Achana na migodi."

Tukapanda basi la kurudi Shinyanga. Mimi niliongea njia nzima.

Basi ndiyo ikafika ile Jumatatu. Nilimwamkia Bi Zuhura, akaitikia marahaba bila kuinua macho, nami nikaanza kumsimulia jinsi afisa utumishi alivyotoka jasho. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Huyo kijana alikataa kwa nini?"

"Hilo kisheria halina uzito, mama. Sisi tumewashika kwenye utaratibu."

"Sikukuuliza sheria. Sheria naijua. Nimekuuliza alikataa kwa nini."

"Nilimuuliza. Alisema alikataa tu."

"Ulimuulizia wapi?"

"Hapahapa."

"Na nani?"

"Na mkewe."

"Basi hujamuuliza," akasema Bi Zuhura.

Nilitaka kujibu. Akaninyamazisha kwa miwani.

"Kaa chini, mshindi. Amefanya kazi pale miaka mingapi?"

"Sita."

"Kila zamu anavua nguo?"

"Kila zamu."

"Kwa hiyo mtu kavua nguo miaka sita, jua na mvua, hajawahi kulalamika. Siku moja anafika mlangoni anageuka. Na wewe hushangai? Unaandika tu?" Akafungua faili langu, akatoa karatasi iliyokuja na barua ya kufukuzwa, orodha ya wakaguzi wa zamu ile, na kuniwekea mbele. "Mle ndani siku hiyo alikuwa nani? Umewahi kusoma hii?"

Sikuwa nimeisoma. Kulikuwa na jina moja, Luhende, na mbele yake imeandikwa kwamba amehamishiwa pale siku hiyo kutoka geti la magari.

"Silijui hilo jina," nikasema.

"Hata mimi silijui. Lakini mimi ni mtoto wa muuza kanga wa hapa mjini. Wewe ndiye Msukuma wa Tinde. Umekwenda Dar miaka mitatu, umerudi na tai, na vitu vya kwenu mpaka mimi nikufundishe? Kuna mwanaume gani, huko kwenu, ambaye huwezi kuvua suruali mbele yake hata ukiambiwa utakufa?"

Mwanangu, masikio yaliniwaka moto. Kwetu jibu la swali hilo hata mchunga mbuzi analijua. Niliinuka nikatoka, na chai ikanikuta nimeshafika barabarani.

Masunga nilimkuta kwa mama yake, nje kidogo ya Ibadakuli, anapura dengu juu ya turubai. Nilikuwa nimeiacha tai ofisini. Nilimwamkia mama yake kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," na yule mama akashtuka, kwa maana aliambiwa mwakilishi wa mwanawe ni mtu wa Dar. Nikachukua fimbo ya pili, nikaanza kupiga dengu. Sikuuliza kitu. Kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko dengu zenyewe. Tulipiga mpaka shati langu likalowa. Yule mama aliingia ndani kupika, na Mama Kabula alikuwa amekwenda kisimani.

"Unapiga kama mtu wa ofisini," Masunga akasema.

"Nimesahau. Nifundishe."

Akacheka kidogo. Tukapiga tena. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mle ndani alikuwa mkwe."

"Mzee Luhende."

"Baba yake Mama Kabula. Yeye siku zote yuko geti la magari, hatuonani. Siku ile wakamhamishia kibandani, mimi sijui. Nilikuwa nimeshafungua mkanda kabisa. Nikasikia anaita, 'Anayefuata!' Nikaijua sauti. Nikaona viatu vyake."

Fimbo zetu zilikuwa zimesimama.

"Kwa nini hukusema kikaoni?"

"Niseme nini? Kwamba mkwe wangu alitaka kunivua suruali? Kambi nzima icheke, mzee atembee vipi? Halafu watamuuliza kwa nini hakusema ana mtu wake mle mtamboni. Watamfukuza. Ana watoto wawili shuleni. Mimi nina nguvu, nitapura hata dengu."

"Na Mama Kabula?"

Hapo sauti yake ikabadilika. "Anadhani nilikuwa na dhahabu mfukoni. Kaka zake wameshampigia simu mara mbili, arudi nyumbani, asikae na mwizi. Nikimweleza ataenda kumuuliza baba yake. Sasa binti amuulize baba yake maneno hayo?"

Nilimtazama huyu mtu ambaye nilikuwa nimemwambia akanunue pikipiki. Alikuwa amepoteza kazi, alikuwa mbioni kupoteza mke, na vyote kwa kumficha mzee aibu ambayo mzee hakuitafuta. Na mimi nilikuwa nimebakiza siku tatu nimsainishe karatasi ya kukubali kwamba alikataa tu.

"Nipe ruhusa nikaongee na mzee," nikamwambia. "Sitasema neno tume mpaka yeye akubali. Akikataa, nalifunga."

Akaiinua tena fimbo yake. "Wewe nenda. Mimi siwezi kukaa naye nikayasema hayo. Lakini umwamkie vizuri."

Siku iliyofuata nikapanda basi la asubuhi kwenda Geita. Mzee Luhende alikuwa amepanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga mahindi, na nilimkuta anapiga pasi sare yake kwa pasi ya mkaa, taratibu, mstari wa suruali umenyooka kama rula. Nilimpa shikamoo, nikakaa chini kuliko yeye, nikamweleza. Sikupamba. Alisikiliza mpaka mkaa ukapoa.

"Kwa hiyo aligeuka mlangoni kwa ajili yangu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Mimi nilimwona mgongo tu. Nikajua ni yeye. Nikasema moyoni, huyu kabeba kitu, ndiyo maana hataki nimpapase." Akaiweka pasi chini. "Na mimi ndiye niliyewaambia wanangu wamwite dada yao nyumbani. Mimi."

Nikamuuliza juu ya fomu aliyojaza alipoandikishwa kazi, kama aliulizwa habari za ndugu. Aliinyanyua godoro, akatoa bahasha ya nailoni, na humo mlikuwa na kila karatasi aliyowahi kupewa tangu azaliwe. Niliisoma fomu mara mbili, neno kwa neno, kama nilivyopaswa kusoma makaratasi ya Masunga tangu mwanzo. Ilikuwa imeuliza wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja. Wakwe haikuuliza.

"Hukudanganya, baba," nikasema. "Lakini siwezi kukuapia kwamba hawatakukasirikia."

"Kazi ya getini nitapata nyingine, kijana. Mkwe kama huyu sitapata." Akavaa shati. "Hicho kikao ni saa ngapi?"

Jioni ile alinipa ujumbe mmoja nimpelekee bintiye kwa simu: atulie kwake, baba yake atamweleza mwenyewe mengine. Nilipompigia, Mama Kabula alianza kulia, halafu akaniuliza kama mumewe amekula. Nilimwambia mumewe yuko naye huko Ibadakuli, mimi niko Geita. Akasema, "Eh, kweli," akakata simu.

Alhamisi, badala ya kusaini, niliomba tume inisikilize. Mara hii nilikaa. Nilisema kwamba nilikosea kumjazia mteja wangu fomu kabla ya kumsikiliza. Hataki fidia, anataka kazi yake na jina lake. Afisa utumishi alikuwa ananitazama na kutabasamu. Kisha nikaomba jambo lililomshangaza zaidi: mlalamikaji na shahidi wangu wasikilizwe kwa zamu, mmoja akiingia mwenzake atoke.

"Wanaogopana?" afisa utumishi akauliza. "Au wamegombana?"

"Wanaheshimiana," nikasema.

Msuluhishi, mama aliyefanya kazi kanda hii miaka mingi, aliweka kalamu chini. "Ni wakwe?" akauliza.

"Ni wakwe, mheshimiwa."

Akamgeukia afisa utumishi. "Bwana, wewe mama mkwe wako akiwa daktari, utamwita akuchome sindano ya makalio?"

Yule bwana akaanza kucheka, tumbo lote likacheka. "Sasa mbona hakusema? Tungemwita mkaguzi mwingine, dakika mbili!"

"Angesemaje, mlimpa muda?" nikamjibu, na hapo, nikiri, yule mshindi wa zamani alirudi kidogo.

Mzee Luhende alieleza kwa maneno machache, kofia mkononi. Masunga akaingia akaeleza kwa machache zaidi. Kabla ya adhuhuri ilikuwa imeandikwa: barua ya kufukuzwa inafutwa, Masunga anarudi kazini Jumatatu, na mtu yeyote akikuta mkaguzi ni mkwe wake ana haki ya kuomba mwingine bila kuulizwa mbele za watu. Mzee akarudishwa geti la magari.

Nje, Masunga alisimama upande mmoja wa uwanja na mkwewe upande mwingine, hatua kama ishirini kati yao. Kwa kawaida wangeamkiana kwa heshima na kuachana. Siku ile hata hilo lilikuwa zito. Kila mmoja alikuwa anatazama barabara.

Mzee akaniita. "Mwambie nimemsikia. Mwambie asalimie nyumbani."

Nikavuka uwanja, nikamwambia Masunga.

"Mwambie wabeja, asante sana," Masunga akasema. "Mwambie mjukuu wake anaendelea vizuri, ameanza kutembea."

Nikavuka tena. Mzee akatikisa kichwa, akavaa kofia yake, akatazama pembeni ili nisimwone uso. "Mwambie namletea viatu," akasema.

Nilivuka uwanja ule mara tano, mwanangu, jua la saa sita likiwa utosini, nikibeba maneno ya watu wawili wanaopendana. Nimesimama mbele ya majaji tangu hapo. Nimewashinda mawakili wenye shahada tatu, na majina yao ninayo. Sijawahi kumwakilisha mtu vizuri kama nilivyowawakilisha wale wawili pale nje.

Sasa sikiliza. Vifungu vya sheria utavijua. Una akili, nimekuona. Utaratibu utaushika. Lakini mtu akiingia ofisini kwako, kalamu ikae mezani kwanza. Muulize anataka nini, na akijibu, usimwambie kwamba anataka kingine. Muulize alifanya nini na kwa nini, na utazame nani amekaa karibu yake wakati unauliza. Kuna swali ambalo mtu hawezi kulijibu mbele ya mke, lingine hawezi mbele ya kaka, na lingine hawezi mbele ya meza yenyewe, mpaka utoke naye nje. Akikwambia "nilikataa tu," ujue hajaanza kusema. Soma kila karatasi hadi jina la mwisho. Ukikosea, kaa uliseme kosa lako mbele ya hao hao waliokuona unatamba. Halitakuua, mimi hapa nipo. Na popote ulikosoma, usirudi ukiwa mgeni wa watu wako. Hicho cheti kilikupeleka mbali ili urudi ukiwaona vizuri zaidi.

Mungu akupe wateja watakaokuamini hata kwa lile wanaloona haya kuwaambia ndugu zao, na akupe subira ya kulingoja. Akupe mkuu wa ofisi mwenye miwani kama ile. Uishi miaka mingi, uheshimike mitaa yote hadi Geita, na ushinde mashauri mengi kuliko mimi, ingawa hapo, mwanangu, itabidi uamke mapema sana.